Mvuke wa Maji Katika Stratosfia ya Ncha za Dunia Wakati wa Baridi: Dalili za Vipimo Vyenye Kasoro na Vyanzo Vyake

Mwongozo huu umetokana na maswali yanayorudi kila mwaka mezani kwetu hapa Dodoma, ambako wanafunzi na watafiti wachache huchambua data za mvuke wa maji zilizopimwa Aktiki na Antaktika. Huulizwa mara nyingi kwamba mtu anayeishi nyuzi 6 kusini mwa Ikweta anatafuta nini katika usiku mrefu wa ncha za dunia. Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Hewa inayoingia stratosfia, yaani tabaka la angahewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua, hupandia katika ukanda wetu wa tropiki, ikivuka tropopozi, yaani mpaka wa chini wa stratosfia, iliyo kilomita 16 au 17 hivi kutoka usawa wa bahari, mahali penye baridi ya karibu nyuzi −80 za Selsiasi. Huko sehemu kubwa ya maji yake huganda na kuachwa nyuma, na hewa iliyokauka husafiri kwa miaka kadhaa kabla ya kushuka kwenye ncha. Alan Brewer alifikia hitimisho hilo katika andiko lake la mwaka 1949, baada ya kuona jinsi hewa ya stratosfia juu ya Uingereza ilivyokuwa kavu kupita kiasi.

Kabla ya kutafuta kasoro, ni lazima kujua kipimo kizima kinafananaje. Katika majira ya baridi ya Aktiki, kwenye kimo cha kilomita 20 hivi, tunatarajia molekuli zipatazo 5 za maji katika kila molekuli milioni 1 za hewa. Kuanzia hapa nitasema tu "sehemu 5 kwa milioni". Ukipanda zaidi, kiasi hicho huongezeka polepole hadi 6 au 7, kwa sababu methani inapooksidishwa huko juu kila molekuli yake huzaa takriban molekuli 2 za maji. Kwa kulinganisha, hewa yenye kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kujijenga) cha nyuzi 18, ambayo ni ya kawaida Dodoma wakati wa mvua, hubeba zaidi ya sehemu 20,000 kwa milioni. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa matatizo mengi yatakayofuata: kinachopimwa ni kidogo mno, na maji ya mahali pengine hayana kazi ngumu kukifunika.

Chombo kinachoaminika zaidi kwenye puto ni kipima sakitu. Kioo kidogo hupozwa mpaka tabaka jembamba la sakitu, yaani barafu inayotokana na mvuke, lijijenge juu yake, mwanga hutumika kutazama unene wa tabaka hilo, na joto la kioo hurekebishwa bila kukoma ili sakitu isiongezeke wala kupungua. Joto hilo ndilo kiwango cha sakitu. Kwa sehemu 5 kwa milioni kwenye kanieneo (shinikizo la hewa) ya hektopaskali 50, kiwango hicho ni karibu nyuzi −85. Kuna namba moja ambayo ningependa kila msomaji aiweke kichwani: katika baridi hiyo, kosa la nyuzi 1 katika joto la kioo hubadilisha jibu kwa takriban asilimia 17. Kosa la sehemu ya kumi ya nyuzi hubadilisha jibu kwa karibu asilimia 2.

Dalili ya kwanza: mvuke unapanda ghafla juu ya kilomita 25

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko zote. Grafu inatulia kwenye 5 au 6 hadi kilomita 24 hivi, kisha inaanza kupinda kulia: 8, 12, 20, na kuendelea mpaka puto linapasuka. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea grafu iliyopita 30, tukatumia karibu wiki mbili kutafuta tabaka jipya la maji angani, na mwishowe ikabainika kwamba maji yale yalitoka kwenye puto lenyewe.

Chanzo kinachoongoza ni unyevu ulioganda kwenye ngozi ya puto na kwenye uzi wake. Puto hupita katika mawingu na hewa yenye unyevu ya chini likiwa limejikusanyia maji, na linapofika juu, ambako hewa ni nyembamba, maji hayo hugeuka mvuke moja kwa moja na kumwagika katika hewa ambayo chombo kilichoning'inia chini yake kitaivuta sekunde chache baadaye. Kadiri kanieneo inavyopungua, ndivyo kiasi kilekile cha maji kinavyokuwa sehemu kubwa zaidi ya hewa inayopimwa, na ndiyo maana kosa hili hukua kwa kimo badala ya kubaki palepale.

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi na hauhitaji kifaa chochote: linganisha kupanda na kushuka. Wakati wa kushuka kwa mwavuli, chombo hutangulia na kila kilichomo kwenye uzi na mwavuli hubaki nyuma yake, hivyo hewa inayoingia haijaguswa na kitu chochote. Ikiwa kwenye kilomita 27 kupanda kunaonyesha 14 na kushuka kunaonyesha 6, swali limekwisha, na data za kupanda juu ya kimo zinapoanza kuachana ziwekewe alama ya kutotumika. Ukaguzi wa pili ni kutazama mawimbi madogo. Chombo huyumba kama pendulamu chini ya puto, kikiingia na kutoka katika mkia wa hewa iliyochafuliwa, na mvuke ulioongezeka kwa uchafu mara nyingi huonekana ukipanda na kushuka kwa kufuata mwendo huo. Tabaka la kweli la angani halina sababu ya kufuata mwendo wa uzi.

Ikiwa uchafu unaanza chini zaidi, kwa mfano kwenye kilomita 12 au 15, chanzo cha pili huwa ni bomba la kuvutia hewa. Puto likipita katika wingu lenye matone ya maji yaliyo chini ya nyuzi 0 ambayo bado hayajaganda, matone hayo huganda mara tu yanapogusa ukuta wa bomba, na barafu hiyo huendelea kutoa mvuke kwa muda mrefu. Tafuta kwenye data za rediosondi (kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu kinachotuma data kwa redio) iliyorushwa pamoja: je, kulikuwa na tabaka lililojaa unyevu kati ya nyuzi 0 na −35 hivi? Kama lilikuwepo na mvuke wa stratosfia ukaanza juu kisha ukapungua polepole bila kufuata umbo lolote linalojulikana, bomba lilikuwa na barafu. Hapa hakuna marekebisho ya kihesabu yatakayoiokoa sehemu hiyo, na ninawasihi wanaoanza wasijaribu.

Suluhisho la kudumu liko uwanjani: uzi mrefu unaojifungua wenyewe baada ya kurusha, wa mita 50 au zaidi, kutorusha katika wingu zito lenye matone, na kutumia puto lenye vali inayolifanya lishuke polepole badala ya kupasuka. Sisi tunaopokea data tu hatuna mamlaka juu ya hayo, lakini tunaweza kuuliza kama yalifanyika.

Chanzo cha nadra, ambacho ni cha kweli, ni mlipuko wa volkano. Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022 ilirusha stratosfia tani takriban milioni 150 za maji, sawa na karibu asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwemo katika tabaka hilo. Katika baridi ya Antaktika ya mwaka huo maji hayo yalizuiwa kwa kiasi kikubwa na voteksi, yaani ule mzunguko mkali wa upepo unaoizingira ncha na ambao ulikuwa umekwisha kujijenga. Yaliingia ndani ya voteksi katika baridi ya mwaka 2023. Anayechambua data za kuanzia hapo asishangae kuona ongezeko la sehemu 1 au zaidi kwa milioni, lakini ongezeko hilo litaonekana wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na setelaiti italithibitisha.

Dalili ya pili: namba zote zimepotoka kwa kiwango kilekile

Grafu ina umbo sahihi, kila bonde na kila kilima viko mahali pake, lakini kila thamani iko chini au juu kwa uwiano usiobadilika. Hapa usiguse chombo, shika kalamu.

Ikiwa thamani zako ni karibu asilimia 62 za zile za mwenzako, mmoja anahesabu kwa uzito na mwingine kwa idadi ya molekuli. Sehemu 5 kwa milioni kwa idadi ni sawa na miligramu 3.1 tu za maji katika kila kilo ya hewa, na faili nyingi za modeli za hali ya hewa hutoa maji kwa uzito. Ikiwa namba ni kama 0.000005, data ni za setelaiti zilizoandikwa bila kuzidishwa kwa milioni, wala hazina kosa lolote. Ikiwa tofauti si uwiano mmoja bali inakua kadiri baridi inavyozidi, angalia fomula ya mvuke uliojaa: kwa desturi ya kimataifa, unyevu wa rediosondi huhesabiwa dhidi ya maji ya kimiminika hata chini ya nyuzi 0, ilhali kipima sakitu hupima dhidi ya barafu. Kwenye nyuzi −40 hitilafu ya kuchanganya viwili hivyo inakaribia nusu ya jibu. Fomula mbalimbali za barafu nazo hutofautiana kidogo katika baridi kali, kwa hiyo tumia moja kwa data zote na uitaje katika maandishi yako.

Baada ya hapo kagua kanieneo. Uwiano wa mchanganyiko hupatikana kwa kugawanya kanieneo ya mvuke kwa kanieneo ya hewa, na kosa la hektopaskali 1 ambalo halina madhara yoyote karibu na ardhi hugeuka kuwa asilimia 5 pale kanieneo inapokuwa hektopaskali 20. Rediosondi nyingi za sasa hukokotoa kanieneo kutokana na kimo cha GPS, jambo lililopunguza tatizo hili, lakini data za miaka ya nyuma zilizotegemea kihisio cha kanieneo bado zinalo.

Dalili ya tatu: joto la kioo linayumba juu na chini

Kuyumba kidogo ni sehemu ya kazi ya chombo, kwa kuwa mfumo wa udhibiti hupoza na kupasha joto bila kukoma. Kuyumba kwa nyuzi kadhaa ni jambo lingine.

Sababu ya kawaida ni kwamba hewa ni kavu kiasi kwamba sakitu hukua taratibu mno, na mfumo wa udhibiti uliopangwa kwa hewa yenye unyevu wa chini huchelewa kisha huzidisha. Wastani wa kipindi kizima cha kuyumba huwa bado ni sahihi, mradi kuyumba kuwe sawa pande zote mbili, lakini tabaka jembamba kuliko umbali ambao puto hupanda katika kipindi hicho halionekani tena. Usiseme umeona tabaka la mita 100 ikiwa kioo kinahitaji mita 300 kutulia.

Sababu inayofuata ni aina ya sakitu. Katika hewa ya chini tabaka juu ya kioo linaweza kuwa maji yaliyopoa bila kuganda, kisha likaganda baadaye, na ghafla kiwango kinaruka bila hewa kubadilika. Vyombo vizuri huyeyusha tabaka hilo makusudi na kulijenga upya likiwa barafu kabla ya kufika stratosfia. Tafuta alama za tendo hilo kwenye data ghafi. Kama hazipo, sehemu ya kati ya nyuzi −10 na −40 haiaminiki.

Kisha kuna upozaji kuisha. Vipima sakitu vya jadi hupozwa kwa gesi iliyogeuzwa kimiminika, trifluoromethani, inayochemka karibu nyuzi −82 kwenye kanieneo ya ardhini na chini ya hapo pale kanieneo inapopungua. Kimiminika kikiisha, joto la kioo huanza kupanda kwa mstari laini usio na kuyumba kabisa. Utulivu huo ndio dalili: kioo kinachofanya kazi hakitulii hivyo. Kata data hapo. Gesi hii huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 10,000 ya uzito uleule wa hewa ya ukaa na inapunguzwa chini ya Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ndiyo maana vyombo vipya vinapozwa kwa njia nyingine, kama vile umeme au mchanganyiko wa barafu kavu na alkoholi. Ukiona mfululizo wa miaka mingi una mruko mdogo, uliza kwanza kama upozaji ulibadilishwa mwaka huo.

Dalili ya nne: puto na setelaiti havikubaliani

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi hukimbilia kulaumu chombo kimoja ilhali vyote viwili vimesema kweli juu ya hewa mbili tofauti.

Kipimo cha setelaiti kinachotumika zaidi ni cha chombo kiitwacho MLS, kilichoko kwenye setelaiti ya Aura iliyorushwa Julai 2004. Hupokea mawimbi yanayotolewa na molekuli za maji zenyewe, hivyo hakihitaji jua na kinaona ndani ya usiku wa ncha. Lakini macho yake ni mapana: katika stratosfia ya chini huchanganya hewa ya unene wa kilomita 3 hivi, na vipimo vyake viko umbali wa kilomita 165 hivi kimoja hadi kingine. Tabaka jembamba lililokauka ambalo puto limelipima kwa mita chache litaonekana kwa MLS kama upungufu mdogo tu. Kabla ya kutoa namba moja kwa nyingine, lainisha data za puto kwa kutumia jedwali la uzani linalotolewa pamoja na data za setelaiti. Tofauti nyingi huisha hapo.

Zisipoisha, tazama mahali. Hewa iliyo ndani ya voteksi imeshuka kutoka juu na ina historia tofauti kabisa na hewa iliyo nje yake, na ukingo kati yake ni mkali. Wakati wa baridi upepo unaweza kulipeleka puto zaidi ya kilomita 100 kabla halijapasuka. Puto lililo ndani ya ukingo na kipimo cha setelaiti kilicho kilomita 300 nje yake havipaswi kukubaliana, na vikikubaliana ndipo kuna la kutilia shaka. Panga vipimo kwa kutumia vorticiti potenshali, yaani kipimo cha mzunguko wa hewa kinachoonyesha kama hewa iko ndani au nje ya voteksi, badala ya latitudo. Wakati wa joto la ghafla la stratosfia, kama lile la Februari 2018 lililoipasua voteksi ya Aktiki vipande viwili, hata saa chache huleta tofauti.

Jambo la mwisho ni toleo la data. Toleo la 4 la MLS lilionekana kupanda taratibu kuliko vipima sakitu kwa miaka mingi, na toleo la 5 lilipunguza mwelekeo huo. Anayechora mwelekeo wa miaka 15 kwa kuunganisha matoleo mawili atachora mabadiliko ya programu na kuyaita mabadiliko ya tabianchi.

Dalili ya tano: tabaka kavu kuliko inavyotarajiwa

Kipimo kinashuka hadi 3 au 2, na wengi hudhani chombo kimekufa. Katika Antaktika kuanzia Juni hii ndiyo hali halisi: joto likishuka chini ya nyuzi −85 za Selsiasi hivi kwenye hektopaskali 50, mvuke huganda, chembe za barafu huanguka, na hewa hubaki kavu hadi majira ya kuchipua ya huko. Katika Aktiki ni nadra, lakini ilipimwa kwa uwazi juu ya Sodankylä, Finland, Januari 2010.

Ili kutofautisha, kagua joto la siku zilizotangulia kwenye njia ya hewa hiyo. Kama halikufika kiwango cha kuganda, kipimo kina shida. Kama lilifika, tazama chini ya tabaka kavu: barafu iliyoanguka hugeuka mvuke huko, na mara nyingi utaona tabaka lenye maji zaidi ya kawaida. Viwili hivyo vikionekana pamoja, ni ushahidi mzuri. Ukisoma unyevu uliozidi asilimia 100 dhidi ya barafu ndani ya wingu, fikiria kwanza kosa la joto la hewa, kisha chembe za barafu zilizoingia bombani na kugeuka mvuke, na mwisho kabisa ujazo uliopita kiasi wa kweli.

Unyevu wa rediosondi ya kawaida usitumike kabisa kuamua jambo hili. Kihisio chake kwenye baridi hiyo huitikia polepole mno.

Dalili ya sita: mapengo

Thamani ya −999.99 si kipimo. Ni alama ya MLS ya kusema hakuna data, nayo ikiingia katika wastani huharibu kila kitu. Ondoa pia kila kipimo chenye namba ya hali isiyogawanyika kwa mbili, na kila chenye kosa lililoandikwa kwa alama hasi. MLS haioni kupita latitudo 82, na tangu mwaka 2024 kipokezi chake cha mvuke huwashwa kwa siku chache tu za kila mwezi ili kidumu. Vyombo vinavyotazama jua kupitia angahewa, kama ACE-FTS, haviwezi kuona kitu katikati ya usiku wa ncha. Na hapa kwetu kuna sababu ya kawaida zaidi: umeme ulikatika faili ikiwa inapakuliwa. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye chanzo kabla ya kutafuta kosa lingine lolote.

Mahali pa kuacha na kumwita mtaalamu

Baadhi ya maabara hupewa vipima sakitu vilivyokwisha kutumika kwa ajili ya kufundishia. Usifungue mtungi wa gesi ya kupozea wala kuijaza ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha. Kimiminika chake huunguza ngozi kwa baridi papo hapo, na gesi yake hufukuza hewa ya kupumua bila harufu ya kuonya. Kujaza puto kwa hidrojeni ni kazi ya waliofunzwa, nje, mbali na cheche. Usifute kioo kwa kitambaa, wala usichomoe kihisio cha joto kilicho chini yake: ugezi wa kihisio hicho, yaani kukilinganisha na kipimo sanifu, hufanywa na watengenezaji kwa usahihi wa sehemu ndogo za nyuzi, na kikishaguswa hakuna anayeweza kuurudisha hapa.

Kwa data, acha pale unapojikuta unataka kuongeza au kupunguza namba ili grafu mbili zilingane. Waandikie waliorusha puto au wanaosimamia data za setelaiti, ukitaja tarehe na saa ya kurusha, namba ya chombo, toleo la data, fomula ya mvuke uliyotumia na kimo ambapo dalili inaanza, na uambatanishe faili ghafi kama ulivyoipokea, bila kuisafisha.